Jua Halikuzima Net Yako. Ni Mimi Nilikudanganya

Wasee, leo sina video. Leo ni maandishi, tena marefu. Niliwadanganya kwa sekunde arobaini, lakini kulipa deni hilo kutachukua muda kidogo.

Rudini nyuma hadi Mei 2024. Mnakumbuka vile ilikuwa? Mvua ilikuwa imetumaliza. Mai Mahiu ilikuwa imetokea, kufunguliwa kwa shule kulikuwa kumesongeshwa juu ya mafuriko, na kila group ya WhatsApp ilikuwa na video ya maji yakibeba gari. Uoga ulikuwa tayari umejaa mtaani, ulikuwa unangoja tu kupewa jina jipya. Kisha Ijumaa tarehe 10 dhoruba ya Jua ikafika duniani, kali kuliko zote tangu 2003. Ulaya na Marekani watu walikesha nje wakipiga picha anga ikiwa na rangi ya waridi na kijani. Mimi nilikuwa kwa keja yangu Roysambu nikiangalia hizo picha, na badala ya kujiuliza "hii ni nini?" nikajiuliza "nitatoa views ngapi hapa?"

Jumamosi nikapost. Nikatafuta muziki wa kutisha, nikaweka Jua linalowaka, nikasema Jua limeanza kuipiga dunia na mawimbi ya redio, mitambo itazima, net itaenda, na kama pesa yako iko kwa simu, fikiria mara mbili.

Jumapili tarehe 12, net ikaenda.

Haki ya Mungu, sikutarajia. Lakini watu wakaanza kunitag: "Huyu msee alisema!" Net ilivyokuwa ikirudi pole pole wiki hiyo, video yangu ikalipuka. Laki mbili na kitu. Sijawahi kuona namba kama hiyo maishani. Mtu akaniuliza kwa comments, "Bro, ulijuaje?" Nikamjibu na emoji ya jicho. Hakuna neno hata moja, jicho tu. Katika uongo wote niliowahi kusema mtandaoni, hiyo emoji ndiyo mbaya zaidi, juu wakati naiweka nilikuwa nimeshasoma ukweli.

Ukweli ni huu. Nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kando ya pwani ya Afrika Kusini. Basi. Hizo nyaya zinabeba mwanga ndani ya nyuzi za kioo, na mawimbi ya redio kutoka Juani hayawezi kukata waya ulio chini ya bahari. Dhoruba na kukatika kwa net vilikutana wikendi moja, na mimi nikavifunga ndoa.

Sasa sikiza kilichofuata.

Kwa ploti yetu, pale chini kando ya geti, kuna mama anauza chapati na madondo. Alikuwa mweka hazina wa chama chao. Pesa ya chama ilikuwa kwa M-Pesa yake. Alionyeshwa video yangu na kijana wake, na net ilipozima akaamini. Akatoa pesa yote, akalipa ada ya kutoa, akaiweka chini ya godoro, akakosa usingizi usiku mbili. Wenzake walipouliza pesa iko wapi, akawaambia iko nyumbani, Jua linataka kuzima simu. Unafikiri walimwonaje? Waliona mtu anajiandaa kutoroka. Hakuna shilingi iliyopotea isipokuwa ile ada. Lakini uweka hazina walimnyang'anya, na aliyekuwa anaaminika miaka sita akawa ndiye wa kuchekwa.

Hajawahi kunitukana. Nikipita pale ananiuliza tu, "Kijana yangu, Jua limesema nini leo?"

Ndiyo maana naandika. Na sitaki kuomba msamaha peke yangu, juu sikuwa peke yangu. Wenzangu mnaofanya content, mnajijua. Kila Jua likilipuka kidogo, script ni ile ile: siku tatu za giza, wanasayansi wanaficha, share kabla hawajaifuta. Mnauza uoga, na mnaouzia ni watu ambao hawana pesa ya kununua kosa lenu.

Tena kinachoniuma zaidi ni kwamba hadithi ya kweli ni tamu kuliko hiyo takataka. Hebu nieleze.

Jua likilipuka, vitu vitatu tofauti vinaweza kuja kwetu, na sisi tunavipika sufuria moja.

Cha kwanza ni mwanga na eksirei. Vinasafiri kilomita milioni 150 kwa dakika nane hivi. Eksirei zinagonga tabaka la juu la hewa, upande wa dunia ulio na mchana, na redio za masafa mafupi zinaweza kupotea kwa dakika kadhaa hadi saa kadhaa.

Cha pili ni milio ya redio. Hii nayo inafika kwa dakika nane, kwa sababu mawimbi ya redio ni ndugu ya mwanga na mwendo wao ni mmoja.

Cha tatu ni wingu kubwa la gesi yenye umeme, lililorushwa kutoka kwa Jua. Hili ni zito na ni polepole. Huchukua siku moja hadi tatu, na mara nyingi halitugongi kabisa. Likitugonga vizuri, ndilo linaleta dhoruba inayoweza kusumbua umeme. Machi 1989 Quebec, kule Kanada, watu milioni sita walikaa gizani saa tisa hivi. Kwa hivyo sisemi Jua ni mtoto mpole. Nasema usilaumu mlio kwa kazi ya wingu.

Sasa huo mlio ndio nataka ukae nao kidogo, juu ndio niliutumia kuwatisha.

Mlipuko ukitokea, elektroni hurushwa kwenda nje kwa kasi inayofika hata theluthi ya kasi ya mwanga. Hiyo ni kama kilomita laki moja kwa sekunde. Kwa sekunde moja ungezunguka dunia nzima mara mbili na bado una chenji. Zikipita kwenye hewa ya Jua, zinaitingisha, na ile hewa inatoa mawimbi ya redio. Chini karibu na Jua hewa ni nzito, kwa hivyo sauti ni ya juu. Kadiri elektroni zinavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na sauti inashuka. Ni kama mtu anateleza kidole kwenye kinanda kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto. Ndani ya sekunde chache imeisha. Wataalamu wanauita mlio wa aina ya tatu.

Kuna mwingine, wa aina ya pili. Huu unashuka polepole, kwa dakika nyingi, kwa sababu unaletwa na wimbi la mshtuko linalotembea kwa kilomita elfu moja hivi kwa sekunde. Ukisikia huu, kaa macho: mara nyingi kuna wingu limetoka. Sasa fikiria. Mlio unafika kwa dakika nane, wingu linafika baada ya siku moja au zaidi. Huo mlio ni honi. Dereva anakupigia honi uondoke barabarani, na sisi tunakimbia mtaani tukipiga mayowe kwamba honi imeua mtu.

Na usifikiri tumeanza kuchanganyikiwa juzi. Mara ya kwanza binadamu kutambua redio ya Jua, walidhani ni adui.

Februari 1942, vita vya pili vya dunia. Uingereza ilikuwa imeaibika wiki mbili tu nyuma: meli za kivita za Ujerumani zilikuwa zimepita katikati ya mlango wao wa bahari mchana kweupe huku rada za Waingereza zikivurugwa na Wajerumani. Sasa tarehe 27 na 28, rada za jeshi sehemu mbalimbali zikajaa kelele tena. Ungekuwa wewe ungesema nini? Adui amerudi, si ndiyo? Kulikuwa na jamaa anaitwa James Stanley Hey, kazi yake ilikuwa kuchunguza kelele kama hizo. Badala ya kupiga mayowe, aliangalia rada zilikuwa zimeelekea wapi. Zote zilikuwa zinafuata Jua. Akauliza watu wa Greenwich wanaotazama Jua kama kuna kitu. Wakamwambia kuna kundi kubwa la madoa karibu katikati ya uso wake. Kesi ikaisha. Habari yenyewe ilifichwa kama siri ya jeshi, akaichapisha 1946.

Hiyo ni kazi ya mtu mmoja kuuliza swali moja zaidi.

Ruka hadi tarehe 23 Mei 1967. Marekani na Usovieti wanaangaliana na nyuklia mkononi. Marekani ina rada kubwa tatu za kuona makombora: Alaska, Greenland na Uingereza. Siku hiyo zote tatu zikavurugwa kwa wakati mmoja. Wakati ule, kuvuruga hizo rada kungehesabiwa kuwa ni kuanzisha vita. Ndege za mabomu zikaanza kuandaliwa kuruka. Ikiwa unatafuta drama, hiyo hapo, haina haja ya muziki wa kutisha. Kilichookoa ni meza ndogo ya watu wa jeshi hilo hilo ambao kazi yao kila siku ilikuwa kutazama Jua. Walisema: hii ni milio ya redio kutoka kwa mlipuko mkubwa, si Warusi. Ndege hazikuruka. Dunia haikujua hadithi nzima hadi 2016, watafiti na wanajeshi wastaafu walipoiandika.

Soma hiyo tena polepole. Jua halikutaka kuua mtu 1967. Hatari ilikuwa binadamu wenye uoga na bila habari. Na mimi Mei 2024 nilikuwa upande gani wa hiyo hadithi? Nilikuwa nachochea uoga, na nilikuwa nazuia habari. Jicho tu.

Najua mtanijibu. Wacha nijibu kabla hamjafika.

"Lakini milio huleta shida kweli." Ndiyo, huleta. Tarehe 6 Desemba 2006 ulikuja mlio wa ajabu, mara kumi zaidi ya rekodi iliyokuwepo, tena wakati Jua lilifikiriwa kuwa limetulia. Vipokezi vya GPS upande wa mchana vilivurugika, vingine vikapoteza setilaiti kwa dakika kadhaa. Tarehe 4 Novemba 2015 Uswidi, rada za kuongoza ndege zikaonyesha vitu visivyokuwepo, na safari za ndege zikasimamishwa kwa muda. Kwa hivyo ukiniambia watu wa ndege na wa setilaiti wanafaa kujiandaa, nakubali kabisa. Lakini ona ukubwa wake: dakika kadhaa, alasiri moja. Boda wako anaweza kupotea njia kidogo. Hizo si siku tatu za giza, na hakuna mama anafaa kulala juu ya pesa ya chama kwa sababu hiyo.

"Watu wanapenda drama, wewe ni nani kuwabadilisha?" Nimewapa mwaka 1967 bure hapo juu. Ukishindwa kutengeneza video nzuri na vita vya nyuklia vilivyozuiwa na mtazamaji wa Jua, shida si watu. Shida ni wewe mvivu.

"Hii ni mambo ya wazungu." Hapa ndipo nakasirika. Setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama nyota kwa eksirei inaitwa Uhuru. Neno letu. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi. Ulifundishwa hiyo shule? Mimi sikufundishwa. Kuhusu milio yenyewe, kuna mtandao wa vipokezi unaitwa e-Callisto, unaosikiliza Jua saa zote, dunia nzima. Ndani yake kuna kipande cha kunasa matangazo, kile kile cha televisheni ya kawaida. Vimewekwa Rwanda. Vimewekwa Mauritius. Data iko wazi mtandaoni, hata wewe kwa simu yako unaweza kuiona. Ghana walichukua dishi ya zamani ya mawasiliano pale Kuntunse, wakaigeuza darubini ya redio, ikazinduliwa 2017. Sisi tuko na Longonot, dishi za zamani vile vile, na Kenya iko kwenye orodha ya nchi washirika wa mradi huo huo wa Afrika. Umewahi kualikwa kwa uzinduzi? Basi usiniambie ni mambo ya wazungu. Ni mambo yetu tuliyoyaacha yaote nyasi.

"Na wewe dropout unatufunza fizikia?" Ndiyo hii sasa. Niliacha chuo mwaka wa pili, fee ilinishinda. Siwezi kujifanya nina cheti. Lakini nataka umjue Ruby Payne-Scott. Mwaustralia, mwanamke wa kwanza kufanya astronomia ya redio. Miaka ya arobaini alikuwa Sydney akisikiliza Jua juu ya jabali la Dover Heights, na hizo aina za milio nimekuelezea, yeye ni mmoja wa waliozitambua. Serikali yao ilikuwa na sheria kwamba mwanamke akiolewa anapoteza kazi ya kudumu. Akaolewa 1944, akanyamaza. Wakamgundua 1950, wakamwondolea kazi ya kudumu na pensheni yake. Mwaka uliofuata alikuwa na mimba, likizo ya uzazi haikuwepo, akaondoka. Baadaye akawa mwalimu wa hesabu shuleni. Yeye alikuwa na digrii, mimi sina. Sijilinganishi naye hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mlango wa ofisi unaweza kufungwa mbele yako, lakini kile ulichokisikia ukiwa makini kinabaki kweli. Na mimi ambaye sikufukuzwa na yeyote kwenye simu yangu mwenyewe, niliamua kutosikiliza.

Kwa hivyo nilianza kusikiliza. Nilinunua kipokezi kidogo cha USB, kinatoshana na modemu, bei ni kama ya viatu vizuri vya Gikosh. Nikatafuta waya mita tano, nikaukata katikati, nikaunganisha, nikaufunga kwenye kamba za nguo pale juu ya ploti. Mwezi mzima nilisikia chaja za watu, balbu za watu na TV za watu. Nairobi ina kelele, usiombe. Desemba nikabeba kila kitu ushago, mahali stima inapotea kila mara. Siku ya nne, saa nane mchana, nikasikia kitu. Shwaaaa. Kilipanda haraka, kikakaa kidogo, kikashuka kama wimbi linalorudi baharini.

Sikupost. Hapo ndipo najua nimebadilika kidogo. Niliingia kwa data ya e-Callisto, nikatafuta dakika ile ile. Mstari ulikuwa pale. Kituo kingine, nchi nyingine, dakika moja na yangu. Nilikaa kwenye nyasi nikatetemeka mikono. Laki mbili za views hazikuwahi kunifanya hivyo.

Basi wenzangu, kabla ya kubonyeza post, maswali ni matatu tu. Moja: ni kipi kati ya vile vitatu, mwanga, mlio au wingu? Mbili: kimeshapita, au kiko njiani? Kama ni mlio, wakati unatengeneza thumbnail ulishapita kitambo. Tatu: nani mwingine amekisikia? Kama jibu ni "niliona kwa page fulani", weka simu chini.

Nilitengeneza video ya kusahihisha. Imepata views elfu tatu na mia moja. Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakuwa na TikTok. Ile ya kwanza sikuifuta, nimeandika juu yake kwamba ni uongo, juu nikiifuta nitakuwa najisafisha mimi huku waliotishwa wakibaki na uoga wao.

Na yule mama wa chapati? Nilishuka na laptop jioni moja. Aliponiuliza Jua limesema nini leo, nikamwambia, "Mathe, subiri usikie mwenyewe." Nikamchezea ile rekodi. Akasikiza, kijiko mkononi. Akasema, "Ni hiyo tu? Si hiyo ni chapati ikiingia kwa mafuta?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia, "Sasa hiyo usiniambie mimi. Waambie wale wa chama."

Nilienda Jumapili. Wanawake kumi na wanne kwenye viti vya plastiki, na mimi nimesimama kama mwizi. Nikasema video ilikuwa yangu, ilikuwa uongo, na mwenzao alitoa pesa kwa sababu alitaka kuilinda. Uweka hazina hajarudishiwa. Mmoja tu aliuliza swali: kama nilijua, mbona nilinyamaza? Sikuwa na jibu zuri, na bado sina.

Ukiwa na waya, laptop mbovu na paa la kupanda, niandikie, nitakuonyesha vile ya kuunganisha, bure. Ukiwa na video ya siku tatu za giza kwa drafts, ifute leo.